Unataka kuhamia Makueni ujitegemee? Nenda Septemba kwanza

Tangu ile korona ya 2020, kila nikikaa na vijana wenzangu hapa Nairobi nasikia maneno yale yale: mambo yakiharibika tena, mimi narudi mashambani nijitegemee. Wengi wanaitaja Makueni, si mbali sana na maembe yake yanasifika. Sawa, lakini itakulisha siku malori yakikosa kufika?

Kosa letu ni kwenda kuangalia shamba Desemba, mvua za vuli zimenyesha na kila kitu ni kijani. Jamani, nenda Septemba, kiangazi kimekolea. Pima haya:

1. Maji. Mito mingi kule ni ya msimu. Wenyeji hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki ndani ya mchanga ambako jua haliyakaushi. Uliza kama Septemba wakichimba bado wanapata maji. Ukikuta mchanga wote umezolewa na malori, tafuta kwingine. Ndiyo maana kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015.

Na tangi je? Watu 5 wakitumia lita 20 kila mmoja ni lita 100 kwa siku. Tangi la lita 10,000 linaisha kwa siku 100. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ni kirefu kuliko hapo, na hujanywesha hata mbuzi mmoja.

2. Chakula. Mahindi kule ni bahati nasibu. Panda wanachopanda wenyeji wanaoogopa ukame: mtama, ndengu, kunde, mbaazi. Tegemea zaidi mvua za vuli kuliko zile za Machi.

3. Ghala. Hapa msicheze. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu. Mahindi mengi yalikuwa ya nyumbani, yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo anika juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke kabisa, halafu weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

4. Njia. Barabara ya Mombasa inapita Emali, Makindu na Kibwezi, lakini shamba lako liko ndani huko. Novemba mto ukifurika, mgonjwa atavuka vipi?

Kwa maoni yangu Makueni inafaa, ila si kwa mtu anayetaka kununua ekari zake, afunge geti akae peke yake. Mabwawa yale hujengwa na vikundi, Wakamba wanaita mwethya. Bila majirani huna maji, basi.

Wenyeji wa Ukambani, nirekebisheni kama nimekosea. Na wewe uliyekwisha hamia, tuambie: Septemba ulikunywa maji ya wapi?