Kura Iliyookoa Chama cha Kikomunisti cha Luxembourg

Luxembourg ni nchi ndogo ipakanayo na Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Chama cha Kikomunisti kiliundwa huko mwaka 1921. Mwaka 1934 Zénon Bernard, Mkomunisti wa kwanza kuchaguliwa, alikatazwa kuketi Bungeni. Kisha Waziri Mkuu, Joseph Bech, alileta sheria ya kukipiga chama hicho marufuku, na Bunge likaikubali. Watu waliiita sheria ya kufunga vinywa. Tarehe 6 Juni, 1937, raia wenyewe waliulizwa kwa kura. Waliokataa walizidi nusu kidogo tu. Wengi wao hawakuwa Wakomunisti, bali walihofu kwamba sheria ifungayo kinywa cha jirani leo, kesho yaweza kufunga chao. Bech akajiuzulu mwaka huo huo.