Toleo Lipi Ndilo Filamu? Matoleo ya Africa Addio na Mtazamaji wa Mweiga

1. Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea tatizo la matoleo. Anayetaka kuihakiki Al-Inkishafi hana budi kutaja kwanza anasoma toleo gani: la W. E. Taylor la 1915, la William Hichens la 1939, au la James de Vere Allen la 1977. Kila mhariri alikuwa na maamuzi yake, na mhakiki makini hanukuu ubeti bila kusema ameutoa wapi. Uangalifu huo haujahamia katika filamu. Filamu hutajwa kwa jina na mwaka tu, kana kwamba ni kitu kimoja kilichokamilika siku kilipoonyeshwa mara ya kwanza, na kana kwamba mkanda wa video ni sawasawa na kile kilichoonyeshwa katika jumba la sinema.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo ina madhara. Mfano utakaotumika ni Africa Addio (1966) ya Wataliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, filamu ya kutisha ambayo sehemu zake nyingi zinahusu Afrika ya Mashariki. Itaelezwa kwanza jinsi matoleo yake yanavyotofautiana. Kisha itaulizwa tofauti hizo zina maana gani kwa mtazamaji wa Mweiga, mji mdogo wa Nyeri uliomo katika nyanda za juu za Kenya, zile zile ambazo filamu inadai kuziaga.

2. Filamu na sifa yake

Jacopetti na Prosperi walijulikana kwa Mondo Cane (1962), waliyoitengeneza pamoja na Paolo Cavara. Filamu hiyo ilizaa aina nzima iitwayo mondo, yaani mfululizo wa picha za mambo halisi, au yanayodaiwa kuwa halisi, zilizochaguliwa kwa nia ya kumshtua mtazamaji. Mondo si hadithi ya mazimwi. Hata hivyo, katika biashara ya video imewekwa jirani na filamu za kutisha, na ina wapenzi wa namna ile ile, wanaokusanya kila toleo na kuhesabu kila dakika.

Africa Addio ilipigwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, mpiga picha akiwa Antonio Climati na muziki ukiwa wa Riz Ortolani. Inaonyesha walowezi wa Kenya wakiuza mali zao, maasi ya askari mjini Dar es Salaam Januari 1964, maiti za Zanzibar zilizopigwa picha kutoka angani baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 ya mwezi huo, mauaji ya wanyama wa porini na vita vya Kongo, na inamalizikia Afrika ya Kusini. Iliamsha ghadhabu pande nyingi. Mwaka 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wa Kijerumani waliandamana kuipinga katika Berlin ya Magharibi. Mwaka 1967 wajumbe wa Afrika katika Umoja wa Mataifa waliilaani, na balozi wa Marekani, Arthur Goldberg, akawaunga mkono. Mwaka huo huo mhakiki Roger Ebert aliihukumu kuwa ni ya kibaguzi na isiyo na uaminifu. Fernando Solanas na Octavio Getino wa Ajentina, katika ilani yao ya mwaka 1969 juu ya sinema ya tatu, waliitaja kama mfano wa sinema inayomgeuza mwanadamu kuwa mnyama. Aidha, mwandishi wa habari Carlo Gregoretti alidai kuwa mauaji fulani nchini Kongo yalifanywa kwa namna ya kuifaa kamera. Jacopetti alikabiliwa na mashtaka juu ya jambo hilo, akaondolewa hatia.

3. Matoleo na tofauti zake

Matoleo makuu ni matatu. La kwanza ni la Kitaliano, lenye urefu wa takriban dakika 140. La pili ni la Kiingereza, lenye takriban dakika 128. La tatu ni lile lililotolewa Marekani mwaka 1970 na msambazaji Jerry Gross kwa jina la Africa Blood and Guts, lenye takriban dakika 83. Gross ndiye aliyesambaza pia, katika kipindi hicho hicho, filamu za kutisha I Drink Your Blood na I Eat Your Skin zikionyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Soko alilolikusudia ni dhahiri.

Kati ya toleo la kwanza na la tatu kuna upungufu wa dakika 57, yaani kama asilimia 40 ya filamu. Kilichoondolewa ni maelezo ya kisiasa na vipindi vya utulivu. Kilichobakizwa ni damu. Jacopetti mwenyewe alilikana toleo hilo. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuiona filamu hii nyumbani alitegemea kanda zilizofupishwa kwa viwango mbalimbali, hadi mwaka 2003 kampuni ya Blue Underground ilipotoa mkusanyiko wa diski za DVD za watengenezaji hawa, ukiwa na toleo la Kiingereza na lile refu la Kitaliano kwa pamoja. Hapo ndipo ulinganisho ulipowezekana kwa mtu wa kawaida.

Anayelinganisha hana budi kujihadhari na jambo moja la kiufundi. Filamu ya sinema hupita kwa picha 24 kwa sekunde, lakini video ya mfumo wa Ulaya, ambao ndio uliotumika pia Kenya, huonyesha picha 25. Filamu ya dakika 140 ikihamishwa katika mfumo huo huisha kwa dakika 134 hivi bila kukatwa hata picha moja. Kwa hiyo urefu ulioandikwa juu ya jalada hautoshi kuwa ushahidi wa kukatwa. Ni lazima onyesho lilinganishwe na onyesho.

Tena, si picha tu zinazotofautiana. Filamu hii huongozwa na msimulizi asiyeonekana, na maneno yake ya Kiingereza si tafsiri aminifu ya yale ya Kitaliano. Mambo kadhaa yaliyoelezwa katika lugha moja yameelezwa vingine katika lugha nyingine. Mtu anayesema ameiona Africa Addio hajasema bado ameambiwa nini.

4. Jina kama ufunguo

Tofauti ya matoleo hujitokeza kwanza katika majina. Neno addio la Kitaliano ni la kuagana pasipo tumaini la kuonana upesi. Kwa Kiswahili lingeweza kufasiriwa kwaheri, lakini lililo karibu zaidi ni buriani. Jina la mwaka 1970, kwa upande wake, maana yake ni Afrika ya damu na matumbo. Jina la kwanza linadai huzuni. La pili linatangaza bucha.

Ni rahisi kukata shauri kwamba toleo refu ni adilifu na toleo fupi ni potovu. Shauri hilo ni la haraka. Katika matumizi ya Waswahili, buriani haiishii katika kuagana: anayeaga huomba radhi kwa aliyomkosea mwenzake, naye huombwa. Buriani ya Jacopetti na Prosperi haina radhi. Inailia Afrika ya wakoloni kama bustani iliyoharibiwa na waliorithishwa, na haiulizi bustani hiyo ilipandwa katika ardhi ya nani. Msimamo huo haukuingizwa na mkasi wa Gross. Umo katika zile dakika 140. Toleo fupi liliondoa hoja ya watengenezaji, lakini halikuondoa mtazamo wao. Huenda hata liliuweka uchi.

5. Picha isiyo na jina

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi katika picha za Zanzibar. Vipande vya onyesho hilo hukatwa na kusambazwa peke yake. Wapo wanaovionyesha kama ushahidi kamili wa maangamizi ya Waarabu, na wapo wanaovikataa kama uzushi wa maadui wa Mapinduzi. Mara nyingi pande zote mbili hubishana juu ya kipande kisicho na asili: hakitajwi kimetoka katika toleo gani, wala maneno yanayosikika juu yake ni ya nani.

Kamera iliyo angani huonyesha miili, misafara ya watu na makaburi. Haionyeshi majina, nasaba, wala aliyeua. Hayo hutolewa na sauti, na sauti ndiyo inayobadilika kutoka toleo hadi toleo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata hivyo, kuihukumu filamu kuwa ni ya kibaguzi si kusema kuwa maiti hawakuwako. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana mno, na kwa jamaa zao, wawe Unguja au Omani, picha hizo si suala la wapenzi wa filamu za kutisha. Ndiyo sababu uhakiki wa matini ni wajibu: ushahidi usiotajwa chanzo chake humwonea aliyekufa na aliye hai pia.

Afrika ya Mashariki inazo njia za kulielewa jambo hili. Watazamaji wa Dar es Salaam waliomsikiliza Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na wale wa Kenya waliomsikiliza DJ Afro, wanajua kuwa picha zile zile zikipewa sauti mpya huwa filamu nyingine. Tofauti ni kwamba wasimulizi hao hawajifichi. Mtazamaji anajua ni nani anayesema naye. Msimulizi wa mondo husema kana kwamba ni picha yenyewe inayosema.

6. Mtazamaji wa Mweiga

Mweiga iko katika barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, chini ya milima ya Nyandarua. Wakati wa ukoloni mashamba ya walowezi yalienea hapa hadi karibu na msitu. Aberdare Country Club, hoteli iliyo karibu na mji, ilikuwa kwanza nyumba ya walowezi, na makao ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare yako hapa pia. Ardhi ya walowezi na wanyama wa porini, vitu viwili ambavyo filamu inavililia Kenya, viko pamoja mbele ya macho ya mtu wa Mweiga.

Mtazamaji huyo akipewa toleo la dakika 83, ataona nchi yake imegeuzwa machinjio pasipo sababu. Akipewa la dakika 140, atapata sababu, lakini zitakuwa sababu za aliyekuwa akiondoka. Yeye anajua mengine. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960. Raia wa Kizungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walikuwa 1,090. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vya ulinzi. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Februari 1957. Nayo ardhi ambayo walowezi waliiaga haikugawiwa bure. Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, waliopewa makazi walilipa kwa mikopo ya muda mrefu. Kwa mlowezi lilikuwa agano la kuondoka. Kwa aliyebaki lilikuwa deni.

Mambo hayo hayakukatwa na Gross, wala hayawezi kurudishwa na Blue Underground. Yalitokea kabla kamera za Jacopetti hazijafika. Hii ndiyo kasoro ya neno toleo kamili kama linavyotumiwa na wauzaji wa video. Ukamilifu wanaouahidi ni wa kazi ya mtengenezaji, si wa jambo lililotengenezewa filamu. Hata hifadhi za nyaraka zina mikato yake. Majalada ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park nchini Uingereza yalikubaliwa kuwapo mwaka 2011 tu, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa.

7. Hitimisho

Ulinganisho huu unaleta mapendekezo matatu. Kwanza, kila anayeitaja filamu katika uhakiki ataje toleo: mwaka wake, lugha ya msimulizi, urefu na mfumo wa video. Pili, toleo lililokatwa lisitupwe. Ni hati ya soko lililolikata, na linaeleza watazamaji wa mwaka 1970 walitakiwa waione Afrika kwa jicho gani. Tatu, idara za Kiswahili zitayarishe manukuu na maelezo ya Kiswahili kwa toleo refu, yakibainisha pale usimulizi wa Kitaliano na wa Kiingereza unapoachana, na pale wote wawili unaponyamaza.

Kazi hiyo ya tatu haitaifanya Africa Addio kuwa filamu njema. Itamwezesha mtu wa Mweiga, au wa Unguja, kuitazama akijua ni nani anayesema, lini, na kwa faida ya nani. Wapenzi wa filamu za kutisha wameshazihesabu dakika. Kuyapima maneno ni kazi ya wanalugha.