Kuchua mwili baada ya upasuaji wa moyo: Faida na tahadhari zake

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, anaporejea Karagwe au Kyerwa huwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Nyumbani hupokewa na ndugu wenye nia njema, na mara nyingi msaada wa kwanza wanaoufikiria ni kumchua kwa mafuta au samli.

Je, kuchua kunasaidia? Jibu ni ndiyo, lakini kwa mipaka.

Katika upasuaji wa kufungua kifua, mfupa wa kidari hupasuliwa kwa urefu, kisha huunganishwa kwa nyaya za chuma. Kifua kikiwa kimetanuliwa kwa saa kadhaa, misuli ya mabega, shingo na mgongo huvutwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulalamikia mgongo kama wanavyolalamikia kidonda chenyewe.

Utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2010, ukiwahusisha wagonjwa 113 waliopasuliwa moyo, ulionyesha kuwa waliochuliwa walipungukiwa maumivu, hofu na mkazo wa misuli kuliko waliopewa muda wa kupumzika tu.

Hata hivyo, mguso hautibu moyo wenyewe. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la The Lancet ulihusisha wagonjwa 748 waliotibiwa au kuchunguzwa moyo kwa mrija, bila kupasuliwa kifua. Mguso, muziki na taswira za kutuliza mawazo vilipunguza wasiwasi kabla ya tiba, lakini havikuthibitika kupunguza matatizo makubwa ya moyo yaliyofuata.

Tahadhari ya kwanza ni kidari. Mfupa huo huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Katika kipindi hicho kifua kisikandamizwe, mgonjwa asilazwe kifudifudi, wala asivutwe mikono. Kwa sababu hiyo hiyo asibebe mkungu wa ndizi wala ndoo ya maji ya lita 20.

Ya pili ni damu. Aliyewekewa vali bandia ya chuma hutumia warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, kwa maisha yake yote. Kwake, kuchua kwa nguvu huweza kuvujisha damu ndani ya misuli. Kuumikwa au kuchanjwa chale ni hatari zaidi, kwani wembe huweza kupitisha vijidudu vinavyofika hadi kwenye vali. Dawa za mitishamba nazo zisinywewe bila kumweleza daktari, kwa kuwa baadhi hubadili nguvu ya warfarini.

Ya tatu ni mguu. Ukivimba mmoja na kuuma, usichuliwe kabisa. Huenda una donge la damu ambalo likisukumwa huweza kukimbilia mapafuni na kuua.

Kilicho salama, kwa idhini ya daktari, ni kuchua taratibu mabega, shingo, mikono na nyayo, mgonjwa akiwa ameketi, mbali na kidonda.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au kidari kikilia kama kinachezacheza, mgonjwa apelekwe mara moja hospitali iliyo karibu, kama Nyakahanga wilayani Karagwe au Isingiro wilayani Kyerwa. Hapo mikono ya ndugu, hata iwe na upendo kiasi gani, haitoshi.