Petro na Lafudhi Yake



Wako Wakristo wakataao kusoma somo kanisani, si kwa kuwa hawajui kusoma, bali kwa kuogopa kuchekwa. Lugha ya Waluo haina sauti ya "sh", basi "shamba" hutoka "samba". Mkikuyu naye "lori" huliita "rori". Vijana hucheka, na mzee hufunga Kitabu. (Hata wenyeji wa Mombasa, wenye Kiswahili cha kuzaliwa, waliona Kiunguja kikichaguliwa kuwa sanifu katika mkutano wa mwaka 1928, tena mjini mwao!)

Jambo hili si mzaha. Katika Waamuzi 12, Waefraimu waliofika vivuko vya Yordani waliamriwa kutamka "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Walianguka watu 42,000 wakati ule. Sauti ile ile ya "sh"!

Na Petro je? Mathayo 26 yatuambia kwamba usemi wake ulimfichua pale uani kwa Kuhani Mkuu. Kinywa kilimkana Bwana, lafudhi ikasema kweli. Nadhani usiku ule angalitoa chochote ili aseme kama mtu wa Yerusalemu.

Majuma saba baadaye, siku ya Pentekoste, alisimama Petro yule yule. Matendo 2 yasema makutano walishangaa, wakiwatambua wanenaji kuwa Wagalilaya. Roho aliwapa lugha za mataifa. Hatusomi popote kwamba aliwaondolea Ugalilaya wao. Na siku ile watu wapata 3,000 walibatizwa.