Vitasa vya gari vikigoma, tafuta chanzo kwanza

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapa kwa manufaa ya wasomaji wetu.)

Ndugu msikilizaji, asubuhi moja ya mwezi Aprili, katika mvua ile ya Tukuyu ambayo mgeni hudhani mbingu imetoboka, nilisimamisha gari langu karibu na soko nikashuka kununua mkungu wa ndizi. Injini niliiacha ikiunguruma. Kiti cha nyuma alikuwamo mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka minne. Nilipoubamiza mlango nilisikia mlio mmoja tu: ka! Milango yote minne ilikuwa imejifunga, ufunguo ukiwa ndani.

Tulimwita mtoto avute kile kipini cha kufungulia, lakini mvua ilimeza sauti zetu naye akaanza kulia. Mama mmoja muuza ndizi alisimama dirishani akimchekesha ili asiogope, nami nikazunguka gari kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Ufunguo wa akiba ulikuwa Mbeya, mwendo wa kilometa 70 hivi. Mwishowe tulivunja kioo. Namshukuru Mungu kwamba Tukuyu ni baridi. Laiti ingekuwa Kyela saa saba mchana, na injini imezimwa, nisingekuwa na ujasiri wa kuwasimulia habari hii leo.

Kosa lilikuwa langu. Wiki tatu kabla ya siku ile vitasa vilikuwa vikigoma na kurudi, nami nikampelekea fundi mmoja ambaye alisokota nyaya, akazungusha tepu, akaniambia niende zangu. Nilienda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; mimi nililipa kioo.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe. Vitasa vinavyofungwa vyote kwa pamoja, ambavyo mafundi wetu huviita senta loki, si kitu kipya duniani. Kampuni ya Packard ya Marekani iliviweka katika magari yake ya kifahari mwaka 1956. Huku kwetu vimeenea kwa magari yaliyotumika yanayotoka Japani, na leo hata Noah inayobeba abiria kati ya Tukuyu na Mbeya inavyo.

Ndani ya kila mlango mna mota ndogo yenye gia za plastiki, nayo imeunganishwa na kitasa kwa fimbo nyembamba ya chuma. Dereva anapofunga mlango wake, swichi iliyomo hupeleka habari kwenye kisanduku cha rilei, nacho hurusha umeme wa volti 12 kwa muda mfupi mno kwenda kwenye mota zote. Umeme ukipita upande huu, mota husukuma na mlango hufungwa. Ukigeuzwa, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, mota huvuta na mlango hufunguka. Siri yote ni hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujashika bisibisi jiulize swali moja: imegoma milango yote, au mmoja?

Ikiwa imegoma yote, chanzo ni kitu ambacho milango yote inakitegemea. Jaribu kwanza kwa ufunguo wa mkono. Ikiwa ufunguo unaendesha milango yote na rimoti haifanyi kitu, tazama betri ndogo ya rimoti. Kama si hivyo, tazama fyuzi, kisha swichi na nyaya za mlango wa dereva, na mwisho kabisa kile kisanduku. Nasema mwisho kwa sababu wako mafundi wanaoanza na kisanduku, ambacho ndicho cha bei kubwa, na mara nyingi ndicho kizima.

Ikiwa umegoma mlango mmoja, tumia sikio. Mwambie mwenzako abonyeze swichi, wewe weka sikio mlangoni. Ukisikia mota inalia lakini kitasa hakisogei, fimbo imechomoka kwenye klipu yake au gia zimelika. Ukisikia kimya, ama umeme haufiki, ama mota imekufa. Fungua kava ya ndani ya mlango, uunge taa ya kupimia kati ya nyaya mbili za mota yenyewe. Usiunge waya mmoja kwenye bodi, maana umeme hugeuka na taa inaweza kukudanganya. Taa ikimweka kitasa kinapobonyezwa na mota isitikisike, badilisha mota. Taa isipowaka, fuata waya.

Na waya huo, katika wilaya yetu ya Rungwe, ufuate kwanza penye bawaba. Hapo nyaya hupita ndani ya mpira kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni, na kila mlango unapofunguliwa nyaya hujikunja. Baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani kwa ndani huku ngozi ya waya ikionekana nzima. Mpira nao ukipasuka, mvua zetu hupata njia. Jaribu hivi: mwenzako akiwa anabonyeza swichi, wewe fungua na kufunga mlango polepole. Kitasa kikiitika mlango ukiwa katika pembe fulani tu, umempata mwizi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: nyaya mbili za mlango wa dereva zilichubuka, zikagusana, na kisanduku kikadhani nimeamuru kufunga.

Wenye Noah na Hiace za zamani wana jambo lao. Katika nyingi ya hizo, mlango wa kuvuta hauna waya unaoufuata. Umeme huvuka kwenye vichuma vidogo vinavyogusana mlango unapofungwa. Tope na kutu vikikaa hapo, mlango huo haupati habari. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha msasa laini. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

Katika kutengeneza, ondoa kwanza waya hasi wa betri. Kama gari lako lina mifuko ya hewa milangoni, usiguse nyaya zake. Mwachie fundi anayeijua. Waya uliokatika usisokotwe. Ukate mpaka penye shaba safi, uunge kipande kipya cha waya laini, uchomelee kwa risasi, ufunike vizuri, na uhakikishe kiungo hakikai pale panapokunjika. Zibua pia matundu madogo yaliyo chini ya mlango, ambayo kazi yake ni kutoa maji. Yakizibwa na tope, mlango hugeuka ndoo.

La mwisho ni onyo. Fyuzi ikikatika tena na tena, inakuambia kuna nyaya zinazogusana. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi hajatengeneza gari. Ameliandaa kwa moto. Na dereva wa abiria ambaye mlango wake haufunguki kwa ndani asijidanganye kwamba hiyo ni kasoro ndogo. Siku gari litakapopinduka kwenye kona zile za kuelekea Uyole, kitasa hicho ndicho kitakachoamua nani atatoka.

Mimi tangu siku ile sishuki bila ufunguo mfukoni, na mtoto hushuka nami, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa yule mama wa sokoni nasema: ndaga fijo. Hadi wiki ijayo, kwaherini.