Je, Wajua? Picha ya Taswira Nayo Ina Mkono wa Msanii

Sura ya Sheikh Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, tunaijua wengi wenye asili ya huko. Lakini sisi wa Jalan Bani Bu Hassan, Oman, tumeijua kwa picha za kwenye kurasa za vitabu tu, wala hatujapata kuiona taswira yenyewe, aliyoichora Edward Mooney kwa rangi za mafuta huko New York, ilipofika merikebu Sultanah mwaka 1840 na shehena ya tende, karafuu, buni na pembe. Kwa hiyo huniudhi sana kusikia kwamba mwenye kupiga picha ya taswira hana alilolitenda ila kufyatua kamera.

Mabamba ya kioo yaliyotumiwa zamani kupigia picha yalikuwa na tabia ya ajabu: buluu yaliitoa nyeupe, na wekundu, hata uwe mkali namna gani, yaliutoa mweusi, hata kilemba chekundu kikawa kama kaniki. Hermann Vogel, mtaalamu wa Kijerumani, aligundua mwaka 1873 kwamba dawa ya bamba ikitiwa rangi maalumu huweza kupokea na mwanga wa kijani. Hata baada ya hapo ilimlazimu mpiga picha aamue mwenyewe, kwa vichujio vya rangi, kwa muda wa kuacha lenzi wazi, na kwa kuigusa chapa kwa brashi, kipi kidhihirike na kipi kifichike. Na huko, kwa yakini, ni kufasiri. Akiilaza taa ubavuni, kila mpito wa brashi hutupa kivuli, ukauona mkono wa mchoraji ulivyokwenda. Akiweka taa mbili pande mbili kwa nyuzi 45, vivuli hutoweka na uso hutulia.

Mahakama ya New York iliamua mwaka 1999, katika shauri la kampuni za Bridgeman na Corel, kwamba picha iliyo nakala tu ya taswira iliyo mali ya umma haina hakimiliki. Hukumu hiyo naiafiki, kwani urithi wa umma haufai kufungiwa. Ila kukosa hakimiliki si kukosa ustadi.

Picha hizi hufaa kwa mafunzo, stempu, kurekebisha taswira zilizoharibika, kutafuta zilizoibwa, na mengineyo. Taksiri ni yetu, tunaozichapa zimekatwa kingo, bila jina la mchoraji wala la mpiga picha. Nanyi mlio na picha za zamani za dari zilizonakshiwa za ngome ya Jabrin huko Oman, ziandikeni nyuma mwaka, na jina la aliyezipiga, kabla wanaokumbuka hawajaondoka.