Tope la jirani: tuzuie udongo usihame saiti

Leo naomba tuiache siasa kidogo, maana masika ikikaribia mimi huwa silali vizuri. Huku kwetu Kimara kwenye mabonde kila mtu anajenga. Jambo jema kabisa, nani asiyetaka kuhama nyumba ya kupanga? Ila kuna kitu hatuambiani.

Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua cha saidia fundi kwenye kiwanja kilichopo juu ya nyumba yetu. Kazi ya kwanza ilikuwa kufyeka. Tukafyeka majani yote, tukang'oa visiki, likaja greda likasawazisha. Halafu mwenye kiwanja akaishiwa hela, saiti ikalala. Mvua kubwa ya kwanza ikashusha tope mpaka jikoni kwa mama, masufuria yakawa yanaelea. Kulipokucha nikakuta kona moja ya msingi wetu imechimbwa na maji, mawe yako nje. Mama akaniuliza tu, "Mwanangu, yale majani si ndiyo mliyofyeka nyie?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimekuwa nawahoji mafundi na kusoma kila ninachopata. Jambo lenyewe ni rahisi. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linauvunja vunja, ila kwenye majani pigo linaishia juu. Udongo ulioshindiliwa na greda haunywi maji vizuri, kwa hiyo maji yanatiririka, na kwenye mteremko yanaongeza kasi na kubeba udongo. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, imewahi kuandika kwamba saiti ya ujenzi kwa kawaida hupoteza udongo mara 10 hadi 20 kuliko shamba.

Hebu pigeni hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ni lita 1. Kiwanja cha meta 20 kwa 30 kikipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 30,000, yaani mapipa 150 ya lita 200. Sehemu ikinywewa na ardhi sawa, inayobaki inaenda kwa nani? Kwa jirani wa chini.

Sasa tufanyeje? Mengi hayahitaji hela nyingi:

1. Usifyeke kiwanja kizima kwa siku moja. Fyeka pale unapojenga tu, na acha ukanda wa majani upande wa chini. Kama unaweza, kazi ya kuchimba ifanye kiangazi.

2. Chimba mtaro upande wa juu, ukikingama mteremko na kushuka taratibu, ili maji ya juu yazunguke saiti. Uishie kwenye mtaro wa mtaa, sio mlangoni kwa mwenzio!

3. Upande wa chini panga viroba vya mchanga. Maji yakifika hapo yanapungua kasi na tope linatua. Mvua ikikatika zoa hilo tope, la sivyo mvua inayofuata itaruka juu yake.

4. Rundo la mchanga na kifusi lifunike turubai, na likae mbali na mtaro. Ule mchanga umeununua, kwa nini uuchangie bahari?

5. Ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, acha matundu ya kutolea maji na weka kokoto nyuma yake. Maji yakikosa njia yanausukuma mpaka unalala.

6. Ukimaliza, panda majani haraka. Vetiva ni nzuri kwenye kingo, mizizi yake inaweza kushuka meta 2 au 3 chini.

Tena tope haliishii jikoni kwa mama. Linaingia kwenye vijito, vijito vinaelekea Mto Msimbazi, mto unajaa mchanga na kina kinapungua. Sisemi mafuriko yote yanaletwa na saiti zetu, ila tunachangia. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko Dar, na baadhi ya wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Na tusisahau, Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto.

Sisi tulimfuata mwenye kiwanja kistaarabu, tukamwonyesha ile kona ya msingi. Akatoa viroba, mimi na vijana wawili tukavijaza na kuchimba mtaro kwa siku mbili. Mvua iliyofuata maji yalipita pembeni, jikoni pakabaki pakavu. Siku mbili tu wadau! Zingefanyika kabla ya kufyeka, msingi wa mama ungekuwa mzima.

Wewe unayejenga, umeshamwangalia anayeishi chini yako? Na mafundi mnaojua zaidi nirekebisheni hapo chini. Nawasilisha.